Mgonjwa Haulizwi Uji? Lugha ya Chumba cha Daktari na Maradhi ya Kisukari Kiirua

Kati ya methali ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzikariri shuleni bila kuzitafakari sana ni ile isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ya juu haina utata. Mtu aliyelala hoi, midomo imemkauka na macho yamemwingia ndani, hana nguvu za kuchagua. Anayemuuguza hana budi kuupika uji, kuupoza na kumletea. Kumuuliza kama anautaka ni uchoyo uliovishwa joho la adabu. Methali hiyo ni ya watu waliouguza homa na matumbo ya kuhara, maradhi ambayo kwa siku chache tu ama humwondoa mtu duniani ama humwacha aende zake. Ina hekima yake, na makala haya hayakusudii kuivunja. Linalosemwa hapa ni kwamba methali hii imehamia mahali ambapo haikualikwa. Imeingia katika kliniki ya kisukari, na humo uji wenyewe ndio unaohitaji kuulizwa.

Kisukari cha aina ya pili si maradhi ya siku chache. Mwili ama hautoi insulini ya kutosha ama huipuuza ile inayotolewa, nayo sukari hubaki katika damu ikiharibu polepole macho, figo, moyo, mishipa ya fahamu na nyayo. Mtu huishi nacho miaka ishirini au thelathini. Katika miaka hiyo huonana na daktari labda mara moja kwa mwezi, au mara moja kwa miezi mitatu, tena kwa dakika chache. Siku zilizobaki ni zake. Yeye ndiye aamuaye ale nini, ameze kidonge wakati gani, atembee au apande bodaboda, anunue kijiti cha kupimia sukari au amlipie mtoto karo. Tiba ya kisukari, kwa hakika, hufanyika jikoni na shambani, na daktari huwa hayupo.

Si suala dogo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulikadiria kwamba takriban asilimia 2 ya watu wazima wana kisukari. Tarakimu hiyo huenda ikaonekana ndogo hadi msomaji aiweke kando ya nyingine iliyotolewa na utafiti uo huo: karibu asilimia 88 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Wanaofika kliniki, basi, ni wale wachache ambao ama kiu na kwenda haja kila mara kumewatisha, ama kidonda kimekataa kupona. Kumpoteza hata mmoja wao kwa sababu ya maneno ni hasara isiyo na udhuru.

Kiirua ni eneo la wakulima katika Buuri, Kaunti ya Meru, kaskazini-mashariki mwa Mlima Kenya, pale ardhi ya rutuba inapoteremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo. Viazi, maharagwe na mahindi ndiyo maisha ya watu. Kuna hospitali ya misheni ya Kikatoliki iliyopewa jina la Mtakatifu Theresa, inayojulikana mbali. Mahali pa namna hii, palipo baina ya Meru na Isiolo, hukutanisha Kimeru cha wenyeji na lugha za majirani, Kiborana, Kiturkana na Kisomali, na pasipokuwa na lugha ya pamoja Kiswahili huitwa kuamua. Mfano utakaotolewa humu, hata hivyo, si wa hospitali hiyo wala ya nyingine yoyote. Ni wa kubuni, uliojengwa kwa mambo ambayo kila aliyewahi kumsindikiza mzazi wake kliniki atayatambua.

Mchukuliwe mama mmoja wa miaka sitini na miwili, mkulima wa viazi. Ameketi kwenye benchi tangu asubuhi. Anapoingia, anamkuta kijana ambaye huenda ni afisa wa kliniki lakini kijiji kizima humwita daktari. Mazungumzo yanakwenda hivi:

“Sukari iko kumi na tatu, mama. Dawa unameza?”

“Nameza, daktari.”

“Punguza viazi. Punguza uji. Usitie sukari kwa chai. Utarudi mwezi ujao.”

“Haya, daktari. Asante.”

Hakuna tusi lililotamkwa. Kijana amemwita mama, naye mama ameitika kwa heshima. Lakini mwenye jicho la mhakiki, aliyezoea kupekua semo za wahusika, ataliona pengo. Katika mazungumzo yote limeulizwa swali moja tu, nalo ni la aina ya swali la polisi, lenye jibu moja lililo salama. Yaliyosalia ni amri. Kisha likaja lile neno “haya.” Katika Kiswahili kuna maneno machache yanayodanganya kuliko hili. Haya yaweza kuwa kukubali, yaweza kuwa kusalimu amri, na yaweza kuwa njia ya kistaarabu ya kuufunga mlango. Daktari ameandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameshauriwa kuhusu lishe. Mama ameondoka akijua kwamba viazi vikubwa vitauzwa, na vile vidogo visivyopata mnunuzi ndivyo vitakavyoliwa nyumbani, kama ilivyokuwa jana na juzi. Kumwambia apunguze viazi ni kumwambia aende sokoni akanunue chakula kingine, na hakuna aliyemuuliza kama ana pesa.

Vitenzi vyenyewe hueleza mengi. Katika chumba cha daktari mgonjwa hupimwa, huandikiwa dawa, huambiwa, hukatazwa, hudungwa sindano, hupewa tarehe. Kauli ya kutendwa na ya kutendewa zimemzunguka pande zote. Akishatoka langoni vitenzi hugeuka ghafla: hulima, huchota maji, hupika, hukoroga chai, humeza, husahau. Haiyumkiniki kwamba mtu aliyekuwa mtendwa kwa dakika kumi atageuka kuwa mtendaji hodari wa mambo ambayo hakushiriki kuyapanga.

Liko neno moja la Kiswahili ambalo, likitazamwa vyema, linabeba mjadala huu wote. Neno hilo ni shauri. Mhudumu wa afya husema kwamba amemshauri mgonjwa, na kweli amemshauri. Mgonjwa asipofuata, mhudumu yule yule, akiwa amechoka na foleni bado ni ndefu, husema, “Basi, shauri yako.” (Wanasarufi watadai iwe shauri lako. Mtaani haisemwi hivyo, na uchungu wa usemi huu uko katika namna unavyosemwa mtaani.) Kutoka kushauriwa hadi kuachiwa shauri lako ni hatua moja tu, na kinachorukwa katikati ni kushauriana. Tofauti ya kushauri na kushauriana ni mofimu moja, ile -an- ya kauli ya kutendana ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huiainisha kwenye mtihani. Katika kliniki mofimu hiyo ni tofauti ya tiba mbili. Anayeshauri ana jambo la kusema. Wanaoshauriana, kila mmoja analo la kusema: daktari anajua dawa inavyofanya kazi mwilini, na mama anajua siku yake inavyokwenda, na bila elimu hizo mbili hakuna uamuzi unaoweza kudumu hadi jioni.

Msomaji aweza kuuliza, je, kuna lipi la kushauriana? Si dawa ni dawa tu? La hasha. Metformini, ambayo kwa kawaida ndiyo huanza kutolewa, huwasumbua wengi tumboni mwanzoni, hasa ikimezwa bila chakula. Asiyeambiwa hivyo huiacha kimya kimya na kuja kusema kwamba anameza. Glibenklamidi ni rahisi kwa bei, lakini huweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa mtu aliyemeza kisha akakosa kula. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutahadharisha kwamba dawa hiyo haiwafai waliopita miaka 60. Mama wa mfano huu, anayechimba viazi tangu alfajiri hadi adhuhuri kwa kikombe kimoja cha chai, anastahili kuulizwa hula saa ngapi kabla ya kuandikiwa chochote. Insulini nayo huhitaji mahali penye ubaridi pa kuihifadhia, na mkono usiotetemeka. Hata lengo lenyewe la tiba si moja kwa wote. Kwa kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya takriban miezi mitatu, wengi huwekewa lengo la chini ya asilimia 7, ilhali kwa mzee mwenye maradhi mengine, ambaye sukari ikishuka anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, lengo hulegezwa hadi karibu asilimia 8. Huo ni uchaguzi baina ya hatari mbili. Mwenye kubeba hatari zote mbili ni mgonjwa.

Kwa Mwislamu aliyetoka upande wa Isiolo, mwezi wa Ramadhani huongeza jambo jingine. Atafunga au hatafunga? Akifunga, dawa ya asubuhi ihamie daku au futari, na kwa kipimo gani? Jambo hili hupaswa kuzungumzwa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mgonjwa anayeogopa kukemewa hatalitaja, na daktari asiyeuliza hatalijua.

Wataalamu wa tiba wenyewe hawapingi haya. Vyama vikubwa vya kisukari, kile cha Marekani na kile cha Ulaya, vilitoa tamko la pamoja mwaka 2012 lililoweka hali na matakwa ya mgonjwa katikati ya uamuzi wa tiba, na vimelirudia wazo hilo katika matoleo yaliyofuata. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, humtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, aina za matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa. Sheria hiyo inaongeza kwamba, inapowezekana, maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao hupenda kunukuu kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kwa kuwa kinaitaja lugha yao kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ni nadra kukisikia kikinukuliwa hiki cha Sheria ya Afya. Pengine hiki kina kazi kubwa zaidi. Kile cha Katiba huipa lugha hadhi, na hiki huipeleka kazini.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana hata pale daktari anapozungumza Kiswahili sanifu mgonjwa anaweza kutoka mikono mitupu. Lichukuliwe neno kushuka. Mgonjwa huambiwa kila mara kwamba lengo ni sukari ishuke. Siku atakayosikia kwamba sukari imeshuka atafurahi. Lakini neno lilo hilo ndilo linalotumika kwa ile hali ya hatari ya kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuchanganyikiwa na hatimaye kuzimia, hali inayohitaji mtu apewe kitu kitamu upesi. Kiswahili kimetumia kitenzi kimoja kwa habari njema na kwa habari mbaya. Muuguzi mwenye uzoefu huongeza maelezo, “imeshuka mno, hata mwili hauna chakula.” Asiye na uzoefu huacha vivyo hivyo.

Au lichukuliwe neno chakula. “Meza pamoja na chakula,” huambiwa mama. Kwa familia nyingi chai ya maziwa na kipande cha mkate, au kiazi kitamu kilicholala, si chakula. Ni chai. Chakula ni kile cha mchana au cha usiku. Mama mtiifu, aliyeyaelewa maneno kama yalivyo, ataacha kidonge cha asubuhi hadi mchana na kuonekana mkaidi kwenye faili. Saa nazo zina mtego wake. Aliyesoma tiba kwa Kiingereza huwaza saa ya Kizungu, na ulimi ukiteleza akasema saa nane akikusudia saa mbili, dawa imehama kwa muda wa saa sita. Bahasha ya khaki inayotoka dirisha la dawa haimwokoi mgonjwa, kwa kuwa juu yake pameandikwa 1x2, hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la pili ataijibu kuwa ni mbili.

Neno jingine ni dozi. Kwa vizazi kadhaa watu wamefundishwa, na kwa haki kabisa, wamalize dozi ya malaria na ya kifua kikuu. Dozi humalizwa, na aliyeimaliza amepona. Kisha mtu yule yule anapewa vidonge vya kisukari vya mwezi mmoja. Vinapokwisha anahisi nafuu, kwa hiyo amemaliza dozi. Hakuna aliyedanganya hapo, ila neno la maradhi mengine limeazimwa kwa haya bila maelezo. Hata jina la ugonjwa lina lawama ndani yake. Kisukari, au sukari tu kama linavyosemwa katika mazungumzo ya kila siku, humfanya mgonjwa aamini kwamba makosa yote yalikuwa kijikoni kwenye kikombe cha chai, na kwamba akiacha sukari ameacha ugonjwa. Viazi, uji na ugali havina jina hilo, kwa hivyo havishukiwi.

Itafaa hapa kukumbuka jinsi Kiswahili kilivyohangaikia ugonjwa mwingine. Ukimwi ulipozuka, lugha iliundiwa jina kutokana na maelezo yake yenyewe, ukapatikana msamiati wa ushauri nasaha, na usemi wa kuishi na virusi ukachukua nafasi ya semi za mazishi. Maneno hayo hayakutibu mtu, lakini yalimpa mgonjwa nafasi ya kusema bila kujihukumu. Kisukari hakijapata juhudi kama hizo. Labda ni kwa sababu hakikuja kwa kishindo, na wafadhili hawakukifuata kwa magari.

Ziko hoja za upande wa pili, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni muda. Foleni ni ndefu, mhudumu ni mmoja, na kushauriana kunachelewesha. Hoja hii haiwezi kupuuzwa na mtu aliye nje ya foleni. Hata hivyo swali “Mama, jana ulikula nini?” halimalizi dakika moja, na jibu lake huenda likafuta miezi sita ya kubadilisha dawa ambazo hazikuwa na kosa. Ya pili ni kwamba wagonjwa wenyewe hawataki kuamua. Wakiulizwa hujibu, “Wewe ndiwe daktari.” Lakini jibu hilo si kukataa. Ni heshima, na pengine ni jaribio la kutaka kujua kama swali limeulizwa kwa dhati au ni la kupitisha muda. Wameru hawajapungukiwa na desturi ya kushauriana. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, limejulikana kwa muda mrefu kwa kuamua mambo baada ya kusikiliza na kujadili. Mzee anayeweza kuketi akasikiliza kesi ya mpaka wa shamba na kutoa neno lenye kupimwa hawezi ghafla kukosa maoni kuhusu mguu wake mwenyewe. Lililokosekana ni kualikwa kusema.

Hoja ya tatu ni ya kweli kabisa. Kuna nyakati ambapo hakuna cha kushauriana. Mgonjwa aliyeletwa akiwa amezimia, au mwenye mguu uliooza na homa kali, anahitaji mikono ya haraka. Hapo ndipo methali ya uji irejee nyumbani kwake, na aliye na uji aulete.

Jambo moja zaidi ni lazima lisemwe, ijapokuwa halitawapendeza wote katika chama cha Kiswahili. Kwa bibi wa Kiirua aliyeishi miaka yake yote kwa Kimeru, Kiswahili si lugha ya maumivu. Ataweza kununua chumvi kwacho, lakini hataweza kueleza ganzi inayopanda kutoka vidoleni usiku. Pale daktari anapojua Kimeru, na akitumie. Asipokijua, mkalimani afaaye si mjukuu wa miaka kumi na miwili, maana yako mambo ya mwili ambayo bibi hawezi kuyataja mbele ya mjukuu. Kiswahili kina nafasi kubwa Kiirua kwa sababu mhudumu huhamishwa, akatoka Kakamega au Kilifi, na kwa sababu mgonjwa naye aweza kutoka Isiolo. Nafasi hiyo ni ya daraja. Daraja halijengwi ili watu wafanye makao juu yake, na wapenzi wa Kiswahili wasijidanganye kwa hilo.

Wasomi wa fasihi wana lipi katika haya? Wana zaidi ya wanavyodhani. Nchini Marekani, daktari Rita Charon alisomea fasihi ya Kiingereza hadi kiwango cha uzamifu, kisha akaanzisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mafunzo ya tiba inayotegemea usimulizi. Wazo lake kuu, kwa muhtasari, ni kwamba daktari anahitaji stadi ya kusikiliza na kusoma hadithi, kwa kuwa mgonjwa huja na hadithi kabla ya kuja na dalili. Afrika Mashariki haihitaji kuazima jambo hili kutoka mbali. Mwanafunzi aliyefundishwa kukusanya fasihi simulizi nyanjani anajua kumsubiri fanani, anajua kwamba kimya ni sehemu ya masimulizi, na anajua kwamba mtu haanzi kamwe na lile analotaka kulisema. Huo ndio ujuzi unaokosekana katika chumba cha daktari. Ila ujuzi huo hukusanywa, hutungiwa tasnifu, hufungwa kwa jalada gumu na kuwekwa kabatini.

Kuna kazi zinazoweza kufanywa muhula huu, bila kungoja ruzuku. Kila tarehe 7 Julai vyuo huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa hotuba na mashairi, na kila tarehe 14 Novemba hospitali huadhimisha Siku ya Kisukari Duniani kwa hotuba na kupima watu sukari. Siku hizi mbili hazijazoea kutembeleana. Wanafunzi wachache, kwa idhini ya hospitali na ya wagonjwa, wakae na wauguzi waorodheshe maneno yanayokwamisha: kushuka, chakula, dozi, saa, kupunguza. Kupunguza hadi wapi? Ngumi moja ya viazi, au sahani nusu? Maelezo yajaribiwe kwa wagonjwa wenyewe, wayarudie kwa maneno yao, na pale yanapopotoka yaandikwe upya. Serikali ilipozindua mwaka 2023 mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ilitia vipima sukari katika mikoba yao. Tarakimu sasa yaweza kumfikia mama mlangoni kwake. Maneno ya kuifuata tarakimu hiyo hayakutiwa mkobani, na hakuna kiwanda kitakachoyatengeneza.

Na bahasha ya khaki ibadilishwe. Badala ya 1x2 paandikwe, kwa Kiswahili au kwa Kimeru kadiri mama atakavyopenda: kidonge kimoja baada ya chai ya asubuhi, kimoja baada ya chakula cha usiku, ukisikia kutetemeka na jasho, kunywa chai yenye sukari upesi, kisha ule, na ukipata nafuu uje utuambie. Hayo hayazidi mistari minne. Kabla ya kuyaandika, daktari aliye kijana aiweke kalamu chini kidogo, amtazame aliyemzidi umri, na amuulize: uji huo, mama, ni wa unga gani, na bakuli lake ni kubwa kiasi gani?